Nguo ya Kamera Haitundikwi Mbele

Kununua belo la mitumba hakuhitaji ustadi mwingi. Kunahitaji pesa na moyo wa kuvumilia bahati. Belo limebanwa kwa mashine, limefungwa kamba za plastiki, lina kilo 45, na anayekuuzia Gikomba ya Nairobi au Kongowea ya Mombasa hakuachi uchungulie ndani. Utaambiwa hizi ni blauzi za kike, au ni sweta, au ni suruali za watoto, na nchi zilikotoka. Mengine utayajua ukishalifikisha kwako. Mwenye pupa na mwenye makini wanaweza kulipa sawa, mmoja akapata nguo na mwingine akapata matambara.

Kazi yenyewe huanza kamba zikishakatwa. Watu humsifu muuzaji wa mitumba kwa jicho lake, kwamba anaitambua nguo nzuri ikiwa bado imekunjamana katikati ya rundo. Jicho hilo lipo, na si la kudharauliwa. Lakini wenye jicho ni wengi. Wachache ni wale wanaojua, baada ya kuzipata hizo nguo nzuri kumi au kumi na mbili za belo zima, nani aonyeshwe ipi, na lini. Sijaona jambo hilo likifanywa vizuri kama anavyolifanya mama mmoja wa Njukini. Jina lake silitaji, aliniomba hivyo. Wateja wake wanamjua na wanamtosha.

Njukini iko kaskazini ya mji wa Taveta, ukishalipita Ziwa Chala, kwenye barabara inayokwenda Rombo na Illasit. Kilimanjaro iko upande wa magharibi, mpaka wa Tanzania uko karibu, na maji ya chemchemi hupita kwenye mifereji kwenda kunywesha migomba na nyanya. Soko kubwa la pande hizi ni la Taveta, Jumatano na Jumamosi, ambako mitumba inamwagwa chini kwa marundo na vijana wanapaza sauti "chagua mia, chagua mia" mpaka sauti zinakauka. Ng'ambo ya mpaka wa Holili, mtu akitaka, kuna soko la Memorial pale Moshi, nalo limejaa mitumba. Kwa hiyo anayeuza nguo Njukini hauzi kwa sababu watu hawana pengine pa kununua. Wanapo, tena bei ya huko ni nafuu.

Na ana jambo jingine ambalo halimkeri mwenzake wa Gikomba: wateja wake ni wale wale. Gikomba ukimuuzia mtu shati lililochanika kwapani, pengine humwoni tena maishani. Hapa utakutana naye kwenye mfereji, kwenye ibada, kwenye matanga, kwenye foleni ya zahanati, na shati amelivaa.

Nilimtazama akifungua belo la sweta mwezi wa Juni, upepo wa mlimani ukiwa umeanza kuwatia watu baridi alfajiri. Alitandika turubai nyuma ya nyumba, akalipigia goti lile belo na kuzikata kamba moja moja kwa kisu cha jikoni. Nguo zilizobanwa muda mrefu hufura zikifunguliwa. Hii ikainuka, ile ikateleza, na ile harufu ya mitumba, ya dawa na ya ghala, ikajaa uani. Hakuna aliyeitwa kuja kutazama. Wauzaji wengine hufanya kufungua belo kuwa tamasha, wateja wakasukumana na kunyang'anyana. Yeye hufungua peke yake, na mlango wa mbele umefungwa.

Kila sweta ilipita njia moja mikononi mwake. Kwanza mkono wake mzima unaingia ndani ya mkono wa sweta mpaka kwapani, na hapo vidole vinatulia. Kwapa ndipo nguo huzeeka mapema. Kisha kola, kisha pindo za mikono, ambapo uzi hulegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Zipu, kama ipo, hupandishwa na kushushwa mara mbili; ya kwanza inaweza kudanganya. Mifuko inageuzwa. Mwisho anaiinua sweta kuelekea jua na kuipitisha taratibu, kama anayesoma. Pale nondo walipokula, mwanga unapenya tundu dogo lenye kingo safi. Pale uzi ulipochakaa tu, mwanga unapita kwa ukungu, bila tundu. La kwanza fundi analiziba lisionekane tena. La pili halina dawa, maana ukishona hapa litatokea pale.

Lebo aliisoma baada ya yote hayo. Vijana wa Taveta huanza na lebo. Wanaikunjua kola kabla hawajaishika nguo. Nilipomuuliza, hakuacha kazi.

"Lebo ni ya kumwambia mteja, mwanangu. Mimi nikiisoma kwanza nitaanza kuipenda nguo kabla sijaijua."

Yakatokea marundo manne. Dogo kabisa ni la kamera, zile ambazo ukimwambia mtu ni mpya atakuamini. Linafuata la nguo njema za kawaida, ambalo ndilo mwili wa belo. La tatu ni la fundi: kifungo kimoja kimepotea, mshono umeachia, tundu moja la nondo. La mwisho ni fagia, zile zitakazouzwa zote kwa bei moja, au kukatwa, au kugawiwa.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme belo limemgharimu shilingi 18,000 pamoja na nauli, na lina sweta 120. Kila moja imesimama kwa shilingi 150, iwe kamera au fagia. Kamera ziko kumi na mbili. Dalali anayezipelekea maduka ya Voi na Mombasa anapiga simu siku hiyo hiyo na kusema atachukua zote kumi na mbili, shilingi 400 kila moja, pesa kwa M-Pesa sasa hivi. Ni shilingi 4,800, zaidi ya robo ya mtaji, kabla hata turubai halijakunjwa. Akiziuza mwenyewe moja moja kwa 600 atapata 7,200, lakini itamchukua wiki, na nyingine zitakopwa.

Wengi humpa dalali, na siwalaumu. Mtaji wa kukopa una riba, na ada ya shule haisubiri. Mama huyu huwa anampa mbili au tatu, asimkatishe tamaa, na zilizobaki anazikalia. Sababu yake si ile tofauti ya shilingi mia mbili kwa kila sweta. Zile kumi na mbili, anasema, ndizo zinazowaleta watu kuziona zile mia moja na nane. Banda likishajulikana kwamba kamera zake huenda Voi, hata nguo zake nzuri za kawaida zitaitwa makombo. Watu watapita mbele yake wakielekea Taveta na wala hawatageuza shingo.

Sasa kuhusu kuzitundika. Ningedhani, na nadhani wengi wangedhani, kwamba kilicho bora kinawekwa mbele. Banda lake ni la mabati, lina fito mbili za kutundikia, moja barazani na moja ndani. Barazani kuna nguo za kawaida zilizopigwa pasi vizuri, zenye rangi za kuita: nyekundu, njano, buluu ya bahari. Hakuna kamera hata moja. Anayepita huuliza bei ya kile anachokiona kwanza. Akitajiwa 600 kabla hajasimama vizuri, atajua banda hili si lake na habari hiyo ataifikisha mbali. Akitajiwa 250 ataingia.

Ndani, kamera zimechanganywa na nyingine, mbili tu kwa siku, tatu zikizidi. Hazikuwekwa pamoja wala hazikuwekwa mwanzo wa fito. Mteja anasogeza henga moja, anasogeza ya pili, anasogeza ya tano, halafu mkono wake unasimama. Nilimwona mama wa makamo, mkulima wa nyanya kwa alivyojieleza, akiifikia sweta ya sufu ya rangi ya kahawa iliyokolea, yenye vifungo vya ngozi. Hakusema kitu. Aliangalia kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya, akaishika sawasawa na kuuliza bei kwa sauti ya chini. Alitajiwa 600. Akasema 500. Wakakubaliana 550 bila maneno mengi, na mwenye banda akamsifia kwa kuwa na macho makali. Sweta aliiweka pale mwenyewe asubuhi, na alijua hasa itapatikana baada ya henga ya ngapi. Anayeonyeshwa nguo hubishana bei kwa sababu anahisi anauziwa. Aliyejitafutia anaiona tayari ni yake, hataki tu kuiachia.

Ujuzi wa namna hii si mgeni Taveta. Mwaka 1883 alifika hapo Mskoti Joseph Thomson, ametumwa na chama cha kifalme cha jiografia cha Uingereza atafute njia ya kupita nchi ya Wamaasai kwenda Ziwa Viktoria. Alikuwa na mizigo ya shanga na nguo aliyoinunua pwani, na Taveta ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili kupumzika na kujitengeneza kabla ya safari ngumu. Hapo ndipo alipogundua kwamba shanga zake, jinsi zilivyotungwa, hazikubaliki kwa Wamaasai. Walitaka ziwe katika nyuzi za urefu fulani, na zisipokuwa hivyo hazina thamani. Ikabidi wapagazi wakae chini Taveta wazitunge upya, maelfu kwa maelfu, na nguo nazo zishonwe upya zifuate desturi ya wanunuzi. Shanga hazikubadilika, wala bei waliyozinunulia. Nilimsimulia mama habari hiyo, akacheka sana. Huyo, akasema, alifungua belo kabla hajawauliza wateja.

Yeye wateja wake amewaandika. Ana daftari la hesabu, lile la miraba la watoto wa shule, na ndani yake hakuna mapato wala matumizi. Kuna watu. Mwalimu mrefu ambaye mikono ya sweta humwishia juu ya kifundo. Kijana wa bodaboda anayeamkia barabara ya Illasit saa kumi na moja alfajiri na anataka jaketi la kuzuia upepo, lenye zipu mpaka shingoni. Mama aliyefiwa na anataka kitu cheusi lakini kisiwe cha kung'aa. Binti atakayeingia kidato cha kwanza, na rangi ya sweta ya shule anayoitarajia, na namba ya mjomba atakayelipa. Kila belo likifunguliwa, daftari liko kwenye kiti pembeni, na nguo nyingine hazifiki kwenye fito kabisa. Zinakunjwa, zinawekwa kwenye mfuko wa nailoni, na jioni anapiga simu.

Simu hiyo ni ya mtu mmoja kwa nguo moja. Picha za WhatsApp ni jambo jingine, na hapa ndipo nilipomhusudu zaidi, kwa sababu ndipo vijana wanapoharibu kazi nzuri. Kijana mwenye belo jipya Taveta hupiga picha nguo zake bora alfajiri na kuziweka kwenye simu kabla soko halijachangamka. Kufikia saa nne nusu ya hizo zimeshasemewa. Wale waliotoka mashambani kwa miguu au kwa kupanda bodaboda wanaishika nguo na kuambiwa, "Pole, hiyo ina mwenyewe." Mara ya kwanza wanaondoka wakicheka. Mara ya tatu hawarudi, maana wamejua soko hilo lina mlango wa nyuma na wao hawana ufunguo wake.

Mama wa Njukini ana wateja wa miguu na wateja wa simu, na hawachanganyi. Nguo inakaa kwenye fito mchana kutwa kwa ajili ya aliyejisumbua kufika. Isiponunuliwa, jua likishuka anaitundika kwenye mlango wa buluu ulio upande wa kivuli, anaipiga picha tatu: mbele, nyuma, na kasoro. Picha ya kasoro ina kidole chake kikionyesha mahali penyewe, tundu lililozibwa au kifungo kisichofanana na vingine. Nguo isiyo na kasoro anapiga kwapa. Bei ameiandika pale pale, hakuna "njoo kwa inbox". Mteja wa Voi au wa Mwatate anayeipokea picha hiyo usiku anajua kwamba nguo imepita machoni pa watu wa Njukini ikabaki, na bado anaitaka. Hajawahi, kwa ninavyojua, kurudishiwa nguo iliyouzwa kwa simu.

Kuna wanaomlalamikia. Mwalimu mmoja alikasirika alipoona mwenzake amevaa koti ambalo angelitaka yeye, akamfuata bandani kumuuliza kwa nini hakuambiwa. "Mwalimu, ulipita lini mara ya mwisho?" Mwalimu akanyamaza. Lakini malalamiko yana ukweli ndani yake. Mama huyu huficha. Gunia la kamera liko chini ya meza na kitenge juu yake, na ukimuuliza kama kuna nyingine atakwambia "tutaona kesho". Mimi naona hiyo ni haki yake, tena ni wema kwa atakayekuja kesho. Akizitoa zote leo, mwenye pesa leo ndiye atakayezimaliza. Walimu hulipwa mwisho wa mwezi. Wa nyanya hupata pesa lori likishapakia. Belo linafunguliwa siku yoyote, na asiyekuwa na kitu siku hiyo naye ana mwili wa kuvisha.

Ustadi huu ulipimwa mwaka 2020. Mwishoni mwa Machi serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba nchini kwa hofu ya korona, na haikuuruhusu tena mpaka Agosti. Katikati yake, mwezi wa Mei, mpaka wa Tanzania ukafungwa kwa watu, malori ya mizigo tu yakaachwa yapite. Waliokuwa wamezoea kumwaga kila kitu siku ya kwanza walibaki na turubai tupu. Yeye alikuwa na gunia chini ya meza, na alikuwa na marundo ya fundi na ya fagia ambayo wengine walikwishayatupa. Alipunguza fito ya ndani mpaka nguo chache sana kwa siku, ila kila siku palikuwa na kitu kipya cha kutazama. Fagia za sufu alizifumua, akazikunja nyuzi kuwa mabunda, na wanawake wawili wa jirani wakazifuma kofia za watoto wachanga. Hakutajirika. Hakufunga pia.

Kama mitumba iingie nchini au isiingie ni hoja nyingine. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 ziikomeshe kufikia 2019, Kenya ikajitoa mwaka 2017 Marekani ilipotishia kuondoa upendeleo wa kodi kwa nguo zetu zinazouzwa huko, na wenye viwanda bado wana la kusema. Wana haki ya kulisema. Lakini hata siku Kenya itakaposhona kila shati linalovaliwa Taita Taveta, atahitajika mtu wa kujua shati gani litundikwe barazani na lipi lingoje mwisho wa mwezi.

Ukipita Njukini ukaiona sweta unayoipenda na huna pesa, mwambie. Ataitoa kwenye fito, aikunje, aandike jina lako kwenye daftari, na hatakudai arubuni. Ila usimfanyie wanavyomfanyia wengi, wanaosema "niwekee" kisha wakanyamaza mwezi mzima. Nguo iliyowekwa haionyeshwi mtu mwingine, na baridi ikiisha haina mnunuzi. Nenda ukaichukue kabla ya Jumamosi, au mpigie simu uiachilie.